Siku Breki Alipohamia Nyuma

Kituoni walimwita Breki, na jina hilo alilipata kwa haki yake. Katika madereva wote wa magari ya wagonjwa, hakuna aliyejua kusimamisha gari kama mama huyu. Unaweza ukawa umelazwa kwenye machela, mguu umevunjika, na gari likasimama wewe huna habari, mpaka uone mlango unafunguliwa. Akifika kwenye ajali barabarani, gari lake alilipaki mshazari, taa zikiwaka, likawakinga majeruhi na wahudumu, na wenye magari yao wapende wasipende wakapita kule mbali. Wenzake walijaribu kumwiga wakaishia kupanda ukingo wa barabara. Siwataji, wenyewe wanajijua.

Lakini Breki alikuwa na hamu moja iliyomkaa rohoni. Miaka yote hiyo alikuwa akiwabeba watu asiowaona. Aliwasikia tu nyuma ya mgongo wake, kupitia kidirisha kidogo: huyu analia, yule anamwita mama yake, mwingine anajifungua gari likiwa kwenye foleni. Yeye macho mbele, mikono kwenye usukani. Wakifika hospitali machela inashushwa, mlango unafungwa, na yeye anageuza gari. Alitaka kukaa nyuma. Alitaka awaone nyuso na kuwashika mikono, basi, hakuwa na makuu.

Ndipo ikaja kanuni mpya. Kuanzia mwaka mpya, kila anayepanda gari la wagonjwa lazima awe na cheti cha mhudumu wa dharura, wa mbele na wa nyuma, na wawe wanapokezana zamu. Asiyekuwa nacho atahamishiwa gari la dobi, lile linalosomba mashuka machafu ya hospitali. Madereva wengine walinuna wiki nzima. Breki alicheka kimoyomoyo, akawa wa kwanza kujiandikisha chuoni, akasoma, akafanya mtihani kwenye kompyuta, na akatoka mle ndani kifua mbele.

Akafeli.

Matokeo yalimfikia kwenye simu mchana mmoja akiwa nyumbani, kwenye chumba cha mbele ambacho mumewe alikifanya karakana ya ushonaji. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, mwenye tepu ya kupimia shingoni tangu asubuhi mpaka anapokwenda kuoga. Pembeni, kwenye kiti chake cha mto, alikuwa amekaa mama mkwe, mama yake fundi. Bibi huyu miguu ilimpunguzia matembezi lakini ulimi haukupungua hata kidogo.

"Yamekuja," Breki alisema, na sauti yake ikawafanya wote wawili waelewe.

"Umepata asilimia ngapi?" mumewe akauliza, akisimamisha cherehani.

"Hawajaandika asilimia."

"Mtihani gani huo hauna asilimia?"

Breki akawasomea. Juu kabisa palikuwa na neno moja tu: hukufaulu. Chini yake kulikuwa na sehemu tano za mtihani, kila sehemu na jibu lake. Majeraha: umevuka kiwango. Uzazi na watoto: umevuka kiwango. Njia ya hewa na upumuaji: umekaribia kiwango. Moyo na damu: umekaribia kiwango. Usalama wa eneo na hatua za kwanza: uko chini ya kiwango.

Mama mkwe alihesabu kwa vidole. "Umeshinda mbili, umetoka sare mbili, umefungwa moja. Sasa hapo umefeli vipi? Hao wamekuonea, mwanangu. Kadai haki yako."

Ilikuwa hesabu tamu, na Breki, kwa uchungu aliokuwa nao, akaikubali kwa mikono miwili. Alijipa moyo kwamba kukaribia maana yake ni chupuchupu, ni suala la alama moja mbili ambazo mtu mwenye roho nzuri anaweza kuziongeza. Kilichomchoma hasa ni ile ya mwisho. Usalama na hatua za kwanza, yeye? Yeye ambaye kituo kizima kinamwita akafundishe wageni namna ya kufika kwenye ajali? Wangemwambia hajui kuzalisha angenyamaza. Lakini hilo lilikuwa tusi.

Kesho yake akaenda chuoni, amekaza uso. Mwalimu wake alikuwa mama mnene mchangamfu, muuguzi wa zamani aliyezoea watu wanaokuja wamevimba kwa hasira. Alimwekea chai, akamwacha aseme yote mpaka yaishe.

"Umemaliza?" akamuuliza.

"Nimemaliza, mwalimu."

"Haya, nisikilize. Kukaribia kiwango si kwamba ulibakiza alama moja. Kompyuta ile inakupima swali kwa swali. Ukijibu vizuri inakuletea gumu zaidi, ukikosea inakushushia. Inatafuta kujua kama wewe ni mtu wa kuaminiwa na mgonjwa. Hapo ilipoandika umekaribia, imeshindwa kuamua. Leo unajua, kesho hujui. Ilipoandika uko chini, hapo imeshaamua."

"Imeamua uongo," Breki akasema.

Mwalimu akacheka mpaka kikombe kikamtikisika mkononi. "Mimi nimekuona ukifanya kazi, dada yangu. Najua unajua. Lakini kompyuta haijawahi kupanda gari lako. Nenda nyumbani, usirudie kitabu kizima, utachoka bure. Anza na pale ulipo chini, halafu hizo mbili za kukaribia. Na ujue nafasi ya kurudia kabla ya mwaka mpya ni moja tu. Ukiikosa hiyo, gari la dobi linakusubiri."

Breki alirudi nyumbani akiwa na bunda la kadi za maswali chini ya kwapa na mashaka matupu kichwani. Alisoma. Asubuhi kabla ya zamu alisoma, jioni baada ya zamu alisoma, akipika alisoma, maharage yakaungua na hakuna aliyethubutu kusema kitu. Upumuaji ukaanza kukaa sawa, moyo na damu vikakaa sawa. Lakini ile sehemu ya hatua za kwanza, kila akijibu kadi, nyuma ya kadi kulikuwa na jibu lingine. Alizidi kusoma na alizidi kukosea. Kuna jioni alizitupa kadi mezani akasema afadhali mashuka, angalau mashuka hayaulizi maswali.

"Tuigize," mumewe akasema. "Kusoma umesoma vya kutosha. Mama awe mgonjwa, mimi nisome swali, wewe fanya."

Mama mkwe hakungoja kubembelezwa. Alijishusha mwenyewe kutoka kwenye kiti, taratibu, akiwa ameshikilia meza ya kukatia, akajilaza juu ya mkeka katikati ya karakana na kufumba macho. Kisha akafumbua jicho moja. "Nina ugonjwa gani?"

"Umeanguka, mama. Hujitambui."

"Nimeanguka kutoka wapi?"

"Mama, ukiwa hujitambui huongei."

Akafumba jicho. Fundi akasoma kadi: "Umefika nyumbani kwa bibi aliyeanguka. Amelala chali, hajitambui. Utafanya nini kwanza?"

Breki aliingia kutokea mlangoni, akaenda moja kwa moja akapiga magoti. "Namwita na kumgusa bega. Haitiki, nafungua njia ya hewa."

"Umekosea," mumewe akasema akitazama nyuma ya kadi. "Wanasema kwanza uhakikishe eneo ni salama na uvae glavu."

"Ndivyo, lakini hayo ni..." Breki akaishia hapo.

Kwa maana fundi alikuwa anamwangalia kwa namna ya ajabu. "Hebu rudi mlangoni," akamwambia. "Ingia tena kama ulivyoingia."

Akarudi, akaingia. Safari hii mumewe alimfuata kwa macho hatua kwa hatua, kama anavyofuata mshono.

"Pasi ilikuwa wapi?" akauliza.

"Pasi gani?"

"Pasi yangu ya umeme. Ilikuwa imewaka hapo kwenye meza, waya umepita juu ya kichwa cha mama. Wewe ulipoingia mara ya kwanza umeichomoa ukutani, umeusukuma waya kwa mguu, mkasi umeutoa sakafuni ukauweka dirishani. Na mara hii umeangalia mlangoni, dirishani na juu darini. Na glavu umevaa."

Breki akaitazama mikono yake. Kweli, alikuwa amevaa glavu. Alikuwa amezitoa mfukoni bila habari, akazivaa kati ya mlango na mkeka, na kama mumewe asingesema, angekula kiapo kwamba hajavaa.

Akakaa chini palepale sakafuni. Miaka yote ya usukani ilikuwa imemfundisha kufanya ya kwanza kabla hajafikiri. Gari lilikuwa limeshasimama mshazari, hatari imeshaonekana, mkono umeshaingia kwenye glavu, na kwake yeye kazi ndiyo kwanza inaanza. Kwa hiyo kila alipoulizwa utafanya nini kwanza, alijibu la pili. Hakuwa hajui. Alikuwa amejua mpaka akaacha kuhesabu.

"Ni kama mimi," fundi akasema taratibu. "Ukiniuliza suruali naanzaje, nitakwambia naanza kukata. Kumbe nimeshapima. Mtu nikimwona tu anaingia hapa, kiuno chake nimeshakijua."

"Viuno vya nani unavijua?" Breki akauliza.

"Vya wateja, mke wangu."

"Mimi nakufa hapa chini," ikasikika sauti kutoka mkekani, "na nyinyi mnazungumzia viuno."

Walicheka mpaka mbavu zikawauma, na Breki alicheka huku machozi yakimtoka, kwa sababu jiwe zito lilikuwa limemtoka kifuani. Hakuwa mjinga. Alihitaji tu kujifunza kusema kile ambacho mwili wake ulikuwa ukikifanya kimyakimya.

Dawa yake ikawa hiyo: kusema. Kila alichokifanya alikitaja kwa sauti. Na hapo ndipo watu wa nyumba ile walipoonja joto ya jiwe. Aliingia jikoni akatangaza, "Naangalia eneo. Jiko limewaka, sakafu imelowa, nafuta maji." Alikwenda kumwamsha mumewe akasema, "Eneo ni salama. Namwita. Ameitika, anapumua, analalamika." Kituoni mwenzake wa zamu, mhudumu mrefu waliyemwita Ngazi, aliinamisha kichwa kwenye kidirisha akamuuliza kama anaongea na simu. "Naongea na kompyuta," Breki akajibu bila kugeuka, na Ngazi akaamua kutouliza tena.

Mama mkwe ndiye aliyestawi. Kila jioni alikuwa na ugonjwa mpya. Aliungua, alikabwa na kipande cha mkate, aling'atwa na nyuki. Jioni moja alidai ana uchungu wa kuzaa, na alipokumbushwa umri wake akasema kama ni mtihani basi lolote linaweza kuulizwa. Alijifunza kulegeza shingo, alijifunza kukoroma kama mtu aliyezibwa koo, na majirani walipochungulia dirishani kuuliza kulikoni, aliwajibu kutoka sakafuni kwamba watu wako kazini wasiwasumbue. Rangi ilimrudi usoni. Hata ule mto wa kiti chake ukaanza kupoa mchana.

Siku ya marudio ikafika. Breki alipiga moyo konde, akaingia kwenye chumba cha mtihani, akakaa mbele ya kompyuta, akaiweka mikono mitupu mezani aione. Swali la kwanza likaja: umefika kwenye ajali ya pikipiki. Akanong'ona, "Bado sijafanya kitu. Gari sijalipaki, glavu sina." Msimamizi akajiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha. Akaendelea kimoyomoyo. Kila swali aliliingia mikono mitupu, kama mtu ambaye ndiyo kwanza anafika duniani, na kila swali likawa gumu kuliko lile lililotangulia. Alikuwa amepamba moto. Mara, paa, skrini ikazima. Mtihani umekwisha.

Moyo ukamlipuka. Mara ya kwanza alikaa mle ndani mpaka kiti kikamchosha, na leo hajafika hata nusu. Huko nje kwenye benchi, mwanamume mmoja aliyekuwa naye anarudia alimwangalia kwa huruma. "Imekuzimia mapema hivyo? Pole sana, mama. Wanasema ikizima mapema ujue imekukatia tamaa."

Breki akashika njia. Alifika nyumbani, akavua viatu, akasema imezima mapema, akaenda kukaa uani peke yake. Aliyafikiria mashuka. Alijiona akipeleka mashuka kwa upole, akisimama bila kuyatikisa, na mashuka hayatajua tofauti. Kwa mara ya kwanza tangu yaanze mambo haya alilia, na alilia vizuri, kwikwi zikimpanda. Mumewe alitoka akakaa kando yake, akamshika bega. Ndani, mama mkwe alikuwa kimya, na hilo peke yake lilitosha kumwambia mtu kwamba nyumba imeingia msiba.

Matokeo yalikuja asubuhi wakati wanakunywa chai. Simu ililia kidogo, Breki akaisukuma kwa mumewe. "Soma wewe. Mimi nimeshajua."

Fundi akavaa miwani. Akasoma kwa macho. Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tepu ya kupimia, ambayo haifuti kitu, akaivaa tena.

"Hakuna sehemu tano," akasema.

"Zimekwenda wapi?"

"Hawajaziandika. Wameandika neno moja tu." Akamgeuzia simu. Umefaulu.

Breki alilitazama neno lile mpaka likaanza kucheza machoni. Akampigia mwalimu, na mwalimu kule upande wa pili akacheka kicheko chake cha kutikisa vikombe. "Nilikwambia inatafuta kujua kama wewe ni mtu wa kuaminiwa. Ikishajua, inazima. Wewe haikuhitaji muda mrefu kukujua. Na aliyefaulu haandikiwi mchanganuo, wa nini?"

Basi hapo, sikwambii. Fundi, mtu mpole yule, alipanda juu ya kiti akapiga mbinja. Majirani wakaja. Breki alimkumbatia mama mkwe akamzungusha mpaka bibi akaomba ashushwe, na aliposhushwa, na kila mtu akacheka, bibi akaketi akawa mnyonge kidogo.

"Kuna nini, mama?" Breki akamuuliza, akichuchumaa mbele yake.

"Hakuna kitu. Nimefurahi." Akanyoosha kanga yake magotini. "Hakuna mtihani mwingine, mwanangu? Wa juu zaidi ya huu?"

"Upo, mama."

"Basi pumzika wiki hii, halafu tuanze."

Mwaka mpya ulipoingia, asubuhi ya zamu yake ya kwanza, Breki alizunguka gari akapanda kwa mlango wa nyuma. Mbele, Ngazi alikuwa anajikunja magoti nyuma ya usukani. Simu ikaingia kabla hata hawajamaliza kukagua mitungi ya oksijeni: mwanamke, dukani kwake, kifua kimebana, pumzi haitoshi.

Ngazi alisimamisha gari kwa mshtuko uliomrusha Breki mpaka ukutani. Breki akajiinua. Alishuka, akaangalia huku na kule, akavaa glavu huku akizitaja, akaingia dukani. Mwanamke yule, mtu mzima mwenye hina iliyofifia vidoleni, alikuwa ameketi kwenye kreti la soda, mabega juu, macho yamemtoka kwa hofu. Breki alimwekea oksijeni, akamsaidia kuketi wima kwenye machela, wakampakia, mlango ukafungwa, king'ora kikaanza.

Ndani mle, kwa mara ya kwanza katika miaka yote, alikuwa na uso wa mtu mbele yake. Aliuona vizuri: paji lenye jasho, kovu dogo kwenye kidevu, kope zilizokuwa zinapepesa upesi upesi. Akamshika mkono, akahesabu mapigo, akamwambia kila anachokifanya. Mwanamke alimkazia macho muda mrefu, kisha akaisogeza barakoa ya oksijeni kidogo.

"Wewe," akasema kwa pumzi iliyokatika, "kazi hii... umeianza lini?"

Breki angeweza kudanganya. Mgonjwa mwenye hofu unamwambia miaka ishirini, anatulia. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshazoea kutaja kila kitu kama kilivyo.

"Leo," akasema. "Asubuhi hii. Wewe ndiye wa kwanza."

Macho ya yule mama yakazidi kutoka. Wakatazamana. Kisha tumbo la mama yule likaanza kutikisika, akacheka, cheko dogo la mtu asiye na pumzi, barakoa ikajaa mvuke, na Breki akairudisha puani pake taratibu huku na yeye anacheka, machozi yakimdondoka kwenye glavu. Ngazi akauliza kwenye kidirisha kulikoni huko nyuma. Chini ya vidole vya Breki mapigo yalikuwa yanaanza kutulia, na yule mama, ambaye sasa hakuwa na nguvu za kusema, aliugeuza mkono wake akaushika wa Breki vizuri zaidi, kwa vidole vyote, na hakuuachia mpaka hospitali.